CGRP si sumu ya kipandauso

Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu wa moyo na mishipa: CGRP ni kemikali ya kipandauso, ukiiziba kwa dawa hupotezi kitu. Nimechoka kuisikia. Hii ni peptidi, yaani protini fupi, inayotolewa na neva, na ilikuwa yetu sisi watu wa mishipa kabla madaktari wa kichwa hawajaishughulikia.

Historia nitaipitia haraka. Mwaka 1982 iligundulika kwamba jeni la kalsitonini, likiwa ndani ya seli za neva, husomwa kwa namna tofauti na kutoa ujumbe wa peptidi ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Ndiyo CGRP, kifupi cha Kiingereza cha “peptidi inayohusiana na jeni la kalsitonini”. Ina amino asidi 37. Mwaka 1985 Susan Brain na wenzake, London, walionyesha kwamba hutanua mishipa ya damu kwa nguvu ya ajabu.

Nguvu yenyewe utaiona kwenye ngozi ya mkono. Choma histamini kidogo: panavimba, panawasha, na baada ya muda si mrefu pametulia. Choma CGRP, kiasi cha pikomoli tu: hapawashi, ila panakuwa pekundu, na wekundu huo hukaa kwa saa kadhaa. Nimekaa na leza ya kupima mtiririko wa damu juu ya ngozi kama hiyo, na hadi leo hunishangaza jinsi kiasi kidogo namna ile kinavyofungua vishipa kwa muda mrefu namna ile. Ukipaka kapsaisini, ile inayoipa pilipili ukali wake, damu huongezeka vilevile, kwa sababu ncha za neva zimemwaga CGRP yao wenyewe. Mpe mtu kizuizi cha CGRP kwanza, na ongezeko hilo hupungua sana.

Hapa ndipo ninapokosa subira. Watu wamekariri kwamba neva za hisia hupeleka habari juu tu, na kwamba upana wa mshipa ni kazi ya neva za simpathetiki, zile zinazobana mishipa bila sisi kutaka, peke yake. Mwanafiziolojia Mwingereza Bayliss alishaonyesha mwaka 1901, kwa mbwa, kwamba ukisisimua mizizi ya nyuma ya uti wa mgongo, mishipa ya mguu hutanuka. Zaidi ya miaka mia imepita! Nyuzi hizi zimeizunguka mishipa ya moyo, ya utando wa ubongo, ya utumbo. Tishu ikikosa oksijeni, asidi hupanda, uzi unasisimka, maumivu yanakwenda juu na CGRP inamwagwa palepale ili mshipa ufunguke. Uzi uleule unafanya kazi zote mbili. Kuiita CGRP adui kwa sababu ipo penye maumivu ni kumkamata jirani mwenye ndoo kwa kuwa kila nyumba inapoungua anakutwa hapo.

Je, ndiyo inayoshikilia shinikizo la damu kila siku? Sidhani. Maabara moja ikiwaondolea panya jeni la CGRP hupata shinikizo limepanda, nyingine hupata halijabadilika, na hakuna maelezo ya tofauti hiyo yanayoniridhisha. Kwa watu wenye afya, dozi moja ya olsegepanti, kizuizi cha CGRP, haikugusa shinikizo. Lakini panya wasio na alfa-CGRP, aina kuu ya peptidi hii, wakipewa anjiotensini II, homoni inayobana mishipa, shinikizo lao hupanda kupita la wenzao. Ndiyo maana naiona kama akiba, na akiba huijui ukubwa wake kwa kumpima mtu mzima wa afya aliyelala kitandani.

Nitajibiwa kwamba erenumab, dawa ya kipandauso inayoziba kipokezi cha CGRP, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa anjina (maumivu ya kifua moyo unapokosa damu ya kutosha) na muda wao wa mazoezi haukupungua. Ni kweli, na ni habari njema. Lakini walikuwa wagonjwa waliotulia, wengi wao wanaume, na walipewa dozi moja. Wanaougua kipandauso wengi ni wanawake, na dawa hizi huendelea nazo miezi na miaka. Mwaka 2020 maelezo ya erenumab nchini Marekani yaliongezewa tahadhari ya shinikizo la damu.

Dawa hizi zimewarudishia watu maisha, na simwambii mgonjwa yeyote aache yake. Madaktari ndio ninaowasihi: pimeni shinikizo kabla ya kuanza na mwendelee kulipima baadaye, muulizeni mgonjwa kama vidole vyake huwa vyeupe kwenye baridi, dalili ya mishipa inayobana kupita kiasi, na aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo msimwandikie kwa mazoea. Watu wa aina hiyo mara nyingi waliachwa nje ya majaribio ya mwanzo, na ndio hasa ambao moyo wao huenda ukaihitaji akiba hiyo.