Dhahania si kisasa, na shetani si dhahania

Neno "dhahania" limegeuzwa kofia ya kila kichwa. Picha ina rangi kali, basi ni dhahania. Uso una pua iliyohamia shavuni, dhahania. Kinyago kina jicho tumboni, dhahania tena. Na likitajwa hukokota "ya kisasa" nyuma yake, kana kwamba wawili hao walizaliwa siku moja.

Maana yenyewe ni fupi. Sanaa dhahania, ambayo wachoraji wengi wa mjini huiita abstrakti tu, ni ile ambayo mistari, rangi na maumbo yake hayakukusudiwa kufanana na kitu chochote unachoweza kukionyesha kwa kidole. Si mtu, si mbuyu, si jahazi. Kinachozua mgogoro ni jina ililopewa.

"Dhahania" lina asili yake kwenye neno la Kiarabu dhihn, yaani akili. Wengi hudhani ni ndugu wa "dhana", lakini hawana hata mzizi mmoja: dhana imetokana na dhann, kukisia, inayoandikwa kwa herufi nyingine kabisa. Kiswahili kimezipokea herufi zote mbili na kuzivisha dh moja, kwa hiyo dhahania na dhahabu huanza kwa herufi moja ya Kiarabu, dhana na dhahiri kwa nyingine, na sikio letu halisikii tofauti. Lingekuwa jambo dogo la wanaisimu kama lisingekuwa na madhara. Shuleni mtu hukutana na neno hili kwenye nomino dhahania: upendo, hasira, uvivu, mambo ya akilini yasiyoshikika. Akiambiwa baadaye kuwa picha fulani ni dhahania, anahitimisha kwamba ni picha ya jambo lililo akilini mwa mchoraji, limefichwa humo, na kazi yake ni kulifumbua. Anasimama mbele yake kama mtu aliyetegewa kitendawili, na asipoambiwa jibu anaona amechezewa shere.

Ukifuata neno la Kilatini lililozaa abstrakti, abstrahere, hukuti akili popote. Ni kuvuta kitu na kukitenga, kukiondoa mahali kilipo. Waarabu nao, waliotupa dhihn, hawakulitumia kwa sanaa hii. Wao husema tajridi, kutokana na kitenzi cha kuvua, kumenya, kuacha kitu kitupu. Nzige kwa Kiarabu ni jarad, wa mzizi huohuo, na aliyewahi kuona shamba baada ya nzige kupita ataielewa tajridi kuliko maelezo ya kurasa kumi. Kwa hiyo msomaji wa Muscat akisikia jina la sanaa hii anasikia "iliyovuliwa", na msomaji wa Kiswahili anasikia "ya kufikirika". Mmoja anaanza kwa kuangalia kilichobaki, mwingine anaanza kutafuta kilichofichwa.

Uvuaji wenyewe unaonekana vizuri kwenye miti ya Piet Mondrian, Mholanzi. Mti mwekundu alioufanyia kazi kati ya 1908 na 1910 una shina, matawi na ardhi, ila rangi zake si za mti. Katika mti wa kijivu wa 1911 matawi yamekuwa mikunjo, na nafasi zilizo kati ya matawi zimepakwa rangi nzito sawa na matawi yenyewe, hivyo jicho halijui tena kipi kiko mbele na kipi nyuma. Mtofaa unaochanua wa 1912 umebaki mikunjo mitupu. Ondoa jina lake uone ni wangapi watasema mti. Miaka kumi baadaye hata mikunjo imekwisha, imebaki mistari myeusi iliyonyooka pamoja na nyekundu, buluu na njano.

Lakini si wote waliovua. Mchoraji Kazimir Malevich alipoonyesha mraba wake mweusi Petrograd, Urusi, mwaka 1915 hakuwa amemenya kitu fulani hadi kikawa mraba. Alianza bila kitu. Warusi na Wajerumani wana neno lao kwa hilo, lenye maana ya "isiyo na kitu", na naona kwa nini halikuingia katika Kiswahili: ukiita tamasha "Sanaa Isiyo na Kitu" utapata watu wa kucheka tu. Mraba huo una sentimita 79.5 kila upande, na ukiukaribia unaona pembe zake hazikunyooka sawasawa na weusi wake umejaa nyufa. Mwaka 2015 Jumba la Tretyakov la Moscow lilitangaza kuwa chini yake kuna picha nyingine mbili za rangi. Nyufa zimetokana na hilo: rangi ikipakwa juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakauka hadi ndani, ya juu hukauka na kupasuka huku ya chini ikiendelea kusogea.

Sasa "kisasa". Neno hili lina "sasa" ndani yake, na hapo ndipo linapodanganya. Sanaa inayoitwa hivyo kwenye vitabu vya historia ni ya takriban miaka ya 1860 hadi 1960. Imezeeka kuliko babu zetu wengi. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili walishaliona tatizo hili wakachagua "usasa" kwa kipindi na mtazamo, wakaacha "ya kisasa" kwa mambo ya leo. Wachoraji wangeweza kuazima neno hilo bila riba.

Na kipindi si mtindo. Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyesoma Makerere na baadaye chuo cha sanaa cha Slade kule London, kisha akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, alichora watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Jumba la sanaa ya usasa la New York liliinunua picha hiyo. Ni ya usasa, na ina watu, migomba na pombe. Dhahania haimo hata chembe. Upande wa pili kuna nguo za ukili za Wakuba wa Kasai, Kongo, zinazofumwa na wanaume na kutariziwa na wanawake kwa mapambo ya maumbo yenye pembe na vipande visivyolingana. Sura ya mtu huioni humo, na ufundi huo ulikuwapo muda mrefu kabla Ulaya haijaanza kubishana. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alizitundika ukutani kwake na kuzitazama. Kuziita "abstrakti" ni kuzipa jina la wageni waliochelewa, maana mapambo hayo yana majina yake kwa wenyewe.

Kosa linaloudhi zaidi liko karibu na nyumbani. Kwenye vinyago vya Kimakonde vya mpingo, shetani huuzwa kwa watalii kama sanaa dhahania. Mtindo huo, ambao Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wake katika miaka ya 1950, una macho, midomo, matiti, masikio na vidole. Vimepindwa, vimehamishwa, vingine vimepungua, lakini vipo. Ni sanamu ya kiumbe ambaye wachongaji wanamjua kwa jina na tabia. Kwamba wewe hujakutana naye hakumfanyi awe dhahania. Mtindo ulio dhahania wachongaji wenyewe wanauita mawingu: gogo limefuatwa mkunjo wake, likatobolewa na kulainishwa mpaka linazunguka kama moshi. Wapo wanaoacha uso mmoja ukichungulia, na hapo mpaka unakuwa mwembamba kweli.

Mkanganyiko huu unaharibu hata ubishi wa ladha, ambao kwa kawaida ni ubishi mtamu. "Siipendi" ni kauli kamili, haidai ushahidi. "Siielewi" ni kauli nyingine, na mbele ya picha dhahania mara nyingi haina pa kushika, sawa na kusema huuelewi mlio wa zumari. "Hiyo si sanaa" ni ya tatu, na hiyo ndiyo inayodai hoja. Watu huanza na ya kwanza na kumalizia na ya tatu bila kuvuka daraja. Wapenzi wa abstrakti nao wana kosa lao: akitokea asiyeipenda humwambia hajaelewa, wakati pengine ameitazama vizuri na rangi zimemchosha tu.

Kutazama vizuri kuna masharti yake, na simu haiyatimizi. Picha kubwa ya Mmarekani Jackson Pollock ya 1950, ya rangi iliyomwagwa na kudondoshwa, iliyoko jumba la Metropolitan, New York, ina upana wa zaidi ya mita tano. Kwenye kioo cha simu ni uzi uliochanganyika. Mark Rothko, mchoraji mwingine wa Marekani, alishauri mtazamaji asimame inchi 18 kutoka kwenye kazi zake, yaani karibu sentimita 45, ili rangi ijae machoni na kingo zake zenye ukungu zianze kutikisika. Ukisimama mita nne utaona mstatili juu ya mstatili, na utakuwa na haki ya kuuliza kelele zote ni za nini.

Hata wataalamu hupotea. Mwaka 1961 picha ya mashua ya Matisse ilitundikwa juu chini siku 47 New York, nayo si dhahania, ni mashua na kivuli chake majini. Kazi ya Mondrian ya 1941 ya utepe wa gundi ilikaa kichwa chini tangu 1945 hadi mtaalamu alipolisema hilo mwaka 2022 huko Düsseldorf, baada ya kuona picha ya karakana ya mchoraji. Wameiacha hivyohivyo, maana ikigeuzwa utepe unaweza kubanduka.

Basi ukifika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, na muuzaji akakuinulia kinyago chenye jino moja na sikio refu akisema "hii abstrakti, bosi", usimkatalie bei. Mwambie tu, "Huyu ni shetani, ndugu yangu. Nionyeshe mawingu."