Likizo ya Kiangazi Karakanani: Mzazi Aulize Nini Kabla ya Kumwandikisha Mtoto

Kiangazi kikikaribia, wazazi hutujia chuoni na swali lilelile: mwanangu akikaa wiki mbili kwenye karakana zenu, atatoka anajua kazi? Hapana. Ufundi haufunzwi kwa wiki mbili. Anachopata kijana ni nafasi ya kuonja fani kadhaa kabla hajachagua moja ya kuisomea kwa miaka, na kwangu hilo lina thamani kuliko cheti cha kuhudhuria ambacho wengi huanza kukiulizia.

Ndiyo maana programu nzuri humzungusha mtoto: siku chache useremala, chache umeme, kisha vyuma, upishi au ushonaji. Mwangalie kijana anayekata kiungo cha mbao kwa mara ya kwanza. Amepima vizuri, amechora mstari, lakini msumeno ameupitisha juu ya mstari wenyewe badala ya pembeni yake, upande wa kipande cha kutupwa. Akiunganisha, kiungo kinacheza. Kuna anayeinua kipande kingine bila kuambiwa akapima upya, na kuna anayekwenda zake. Huyo aliyekwenda zake usimkatie tamaa. Kesho unaweza kumkuta ameinamia ubao wa nyaya, anatafuta kwa nini taa haiwaki, hataki hata kwenda kula.

Naomba wazazi wasione haya kuuliza kuhusu usalama. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, umeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi za hatari, lakini Ibara ya 6 inasema mkataba huo hauhusu kazi zinazofanywa na vijana katika shule na vyuo vya ufundi. Kwa hiyo ulinzi wa mwanao karakanani unategemea sheria za nchi na, zaidi ya yote, uangalizi wa mwalimu aliye karibu naye.

Chukua uchomeleaji. Mwanga wake una miale ya urujuanimno inayounguza jicho, na maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, macho yakihisi kama yamejaa mchanga. Hata aliyesimama kando akitazama huumia, kwa hiyo lazima kuwe na pazia la kukinga mwanga na kioo cheusi kwa kila anayetazama. Nguo ziwe za pamba nzito, kwani nailoni huyeyuka ikagandia ngozi. Na hapa wengi hukosea: glavu zinazomfaa kwenye kuchomelea ni hatari kwenye mashine ya kutoboa au ya kukereza, maana mashine ikizinasa huvuta mkono mzima. Kwenye mashine hizo glavu huvuliwa, pete huvuliwa, nywele hufungwa.

Ukija kuandikisha, uliza mwalimu mmoja anasimamia vijana wangapi, na mashine zipi hawaruhusiwi kuzigusa kwa umri wao. Chuo kisichokuwa na jibu la haraka kwa swali la pili, mimi nisingempeleka mwanangu. Binti yako naye umwache azunguke fani zote, asielekezwe kwenye cherehani kabla hajashika patasi. Kisha omba kutembelea karakana siku ya kazi, mashine zikiwa zinaunguruma, uone kama mwalimu yuko kati ya vijana au ameketi ofisini.