Fonti maalumu na mtoto mwenye disleksia

Wazazi wanaotuletea mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma, huuliza mapema kuhusu fonti, yaani mtindo wa herufi: wapakue ipi ili asome vizuri? Wanauliza kwa mapenzi, na wanastahili jibu la kweli.

Mwaka 2008 mbunifu wa Uholanzi, Christian Boer, ambaye mwenyewe ana disleksia, alibuni fonti iitwayo Dyslexie. Herufi zake ni nene upande wa chini, na b, d, p na q zimetofautishwa makusudi. OpenDyslexic, ya bure, ilifuata mwaka 2011. Wazo hili linavutia, kwani ukimwona mtoto anaonyeshwa "baba" naye anasoma "dada", utaamini kabisa kwamba tatizo liko machoni.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wa Uholanzi haukuona Dyslexie ikiwasaidia kusoma haraka zaidi wala kwa usahihi zaidi kuliko Arial, fonti ya kawaida. Mwingine wa 2016 uliona nafuu ndogo, lakini Arial ilipopewa nafasi zilezile kati ya herufi na maneno, tofauti ikatoweka. Kumbe kinachosaidia ni nafasi. Watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia walipopanuliwa nafasi kati ya herufi, katika utafiti wa 2012, walisoma upesi zaidi na makosa yakapungua.

Basi, mwalimu, chukua Arial au Verdana, ukubwa wa 14, tanua nafasi za herufi na mistari, na uache italiki, yaani herufi za mlazo. Neno refu kama "walipotutembelea" likibanana humchosha mtoto kabla hajafika katikati.

Kwa watoto wengi wenye disleksia, ugumu uko katika kuzitambua sauti ndani ya neno na kuzihusisha na herufi. Kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, mtoto huyu mara nyingi hupatia neno, ila huliburuta silabi kwa silabi hadi anasahau sentensi ilianzaje. Huyo ndiye anayeitwa mvivu, na inauma, kwa sababu anajitahidi kuliko wenzake wote darasani.

Mfanyie mazoezi ya sauti kila siku, kidogo kidogo: "Sema paka. Ondoa pa. Kimebaki nini?" Kisha aiandike hiyo ka. Silabi kama mbwa, nya na ng'o zirudiwe zaidi, na kwenye mtihani aongezewe muda.

Akiipenda OpenDyslexic, mwachieni aitumie, lakini muda wa mazoezi ya sauti usipunguzwe kwa ajili yake.