Pointi inayofanana zaidi si lazima iwe ndiyo

Programu hupima umbali kwa kutafuta pointi ileile kwenye picha mbili, kisha kuangalia imesogea kiasi gani. Wiki hii nimeulizwa tena: "Kama programu imechagua pointi inayofanana zaidi, umbali unakosewaje?" Nimechoka kulijibu swali hili mmoja mmoja.

Deskripta, yaani namba ambazo programu hulinganishia pointi, hupima sura ya kipande kidogo cha picha, basi. Chukua uzio wa nondo za wima zilizoachana sentimita 10, ukiwa mita 10 mbele ya kamera mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu, nusu mita kati yake, urefu wa fokasi (kiasi lenzi inavyokuza) pikseli 700. Kila nondo husogea pikseli 35 kati ya picha ya kushoto na ya kulia. Jirani yake yuko pikseli 7 tu pembeni. Akishikwa huyo, msogeo unasomeka 28, na kwa kuwa msogeo mdogo humaanisha mbali zaidi, uzio unahamia mita 12.5. Namba zote 128 za SIFT, deskripta maarufu, hazitakuonya, maana nondo zenyewe hazina tofauti.

Wengine huniambia: "RANSAC, ile mbinu ya kuchuja pointi, itasafisha." Hapana! Tangu Fischler na Bolles waichapishe mwaka 1981, kazi yake ni kutupa pointi zisizokubaliana na modeli. Modeli yetu ni jiometri ya epipola, yaani uhusiano wa kamera mbili, nayo inasema tu kwamba mwenzake pointi yuko mahali fulani kwenye mstari mmoja wa picha ya pili. Nondo ya jirani iko kwenye mstari uleule, kwa hiyo inapita mchana kweupe. Hata ukikagua kushoto-kulia kisha kulia-kushoto, uzio mzima ukiwa umeruka nondo moja, majibu yatakubaliana.

Kwenye mwendo ni hivyohivyo. Kamera moja ikisonga mbele, gari lililotangulia kwa kasi ileile haliachi msogeo wowote, na hesabu italiweka mbali kusiko na mwisho.

Kuna kipimo cha Lowe, mbunifu wa SIFT, cha mwaka 2004: tupa pointi ikiwa tofauti yake na mwenzake anayefanana zaidi, ikigawanywa kwa tofauti yake na anayefuata, inazidi 0.8. Nakitumia kila siku. Lakini hiyo 0.8 ilitokana na majaribio, na kwenye uzio, mabati au madirisha ya ghorofa inatupa hata zilizo sahihi. Sijui nambari gani ningeitetea mahali pake.

Ninachokiamini ni kamera ya tatu. Iweke kwenye mstari huohuo, sentimita 20 kutoka ile ya kushoto. Uzio ukiwa kweli mita 10, nondo itaonekana kwenye msogeo wa pikseli 14. Jibu la mita 12.5 linaitaka iwe kwenye 11.2, na hapo hakuna nondo.