Msaiprasi Unakauka? Fungua Matawi Kwanza

Karibu kila anayeniita kuangalia msaiprasi wake huanza kwa kusema mti umekauka. Namuuliza umekauka wapi. Shika matawi kwa mikono miwili, yafungue, chungulia ndani karibu na shina. Ukikuta majani ya kahawia huko ndani huku nje kukiwa na kijani kitupu, huna ugonjwa hapo. Majani ya ndani yamenyimwa mwanga na yale ya nje, yamezeeka, yanapukutika. Mti kuwa wa kijani mwaka mzima hakuna maana kwamba jani lake haliishi muda wake likaanguka. Kahawia ya kutia wasiwasi ni ile inayoanzia kwenye ncha, au inayokamata upande mmoja wa mti.

Ila hiyo sehemu kavu ya ndani ndiyo inayoamua utaupogoaje mti. Miti mingi ya majani mapana ukiikata hadi kwenye gogo huchipua tena. Msaiprasi hauchipui, na mithuya (miti ya jenasi Thuja, jamaa ya msaiprasi) kwa kawaida vilevile: tawi likishapoteza majani yote, halina tena macho ya kutoa machipukizi. Ukikata ukavuka kijani ukaingia kwenye kahawia, umetoboa tundu litakalobaki pale, labda siku moja matawi ya jirani yalizibe. Miti ya jenasi Taxus (yew kwa Kiingereza) inavumilia kukatwa hivyo, lakini hiyo ni kati ya michache tu ya kundi la misonobari na misaiprasi inayoweza.

Kwa hiyo pogoa kidogo kidogo, tangu mti ukiwa mdogo, na kila kijitawi kibakishiwe kijani. Kama ni ua wa kuzungushia bustani, chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike hadi miguuni. Ua uliopanuka juu huanza upara kutoka chini. Ndiyo maana napigana sana na watu kwenye uchaguzi wa aina. Leylandii, chotara wa misaiprasi ambaye mbegu zake zilipatikana Leighton Hall huko Wales mwaka 1888, anaweza kurefuka karibu mita moja kwa mwaka akiwa mchanga, na akaachwa hupita mita 20. Mwenye kiwanja kidogo anaufurahia kwa miaka michache, kisha anataka kuupunguza unene, na hapo hakuna pa kukata.

Kupanda hakuna mengi. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya fungu la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Mahali shina linapokutana na mizizi pawe usawa wa ardhi. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu ikate au itandaze, la sivyo itaendelea kuzunguka hivyo hivyo ardhini. Matandazo yasiguse shina.

Maji ndiyo huua misaiprasi michanga mingi, kwa kukosekana na kwa kuzidi. Majani yake hayanyauki yakakuonya. Mti wenye kiu hubaki kijani kwa wiki kadhaa, na ukigeuka rangi mizizi imeshakufa zamani. Chimba kwa kidole: udongo ukiwa mkavu hadi kina cha sentimita 5, mwagilia taratibu na kwa wingi, kisha acha. Kunyunyizia kidogo kila jioni kunalowesha vumbi tu. Ardhi inayotuama maji huozesha mizizi, na dalili huko juu ni ile ile ya kiu, ndiyo maana wengi huongeza maji wakaumalizia mbali.

Ikiwa tawi moja moja ndilo linalokauka, fuata tawi hadi shinani. Vijitawi vinavyonata na vyenye masizi meusi ni kazi ya vidukari. Gome lililobonyea likapasuka na kuvuja utomvu ni donda la kuvu, mara nyingi Seiridium, na hakuna dawa ya kupulizia inayoliponya. Kata tawi zima chini ya donda, siku kavu, na ufute mkasi kwa spiriti kila unapohamia tawi jingine. Masalia yachome au yatoe nje ya bustani. Usiyatupe kwenye mboji.