Mwekezaji mwanaharakati ni nani hasa?

Hapa Tabora jina hili siku hizi anapewa kila mtu. Mwenye mradi akichimbia kijiji kisima huko Sikonge, basi ni mwekezaji mwanaharakati. Mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, akisimama kwenye mkutano mkuu kuibana bodi kuhusu makato ya tumbaku, naye ni yuleyule. Wote wawili wanafanya kazi nzuri, ila jina si lao.

Kwa kifupi, ni mtu au mfuko wa uwekezaji unaonunua hisa za kampuni, mara nyingi sehemu ndogo tu, ili kuushinikiza uongozi ubadili mwelekeo: mkurugenzi mtendaji aondoke, kitengo kinachokula hasara kiuzwe, gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa) liongezwe, wajumbe wapya waingie kwenye bodi. Wema si sharti. Carl Icahn, mwekezaji tajiri wa Marekani, alipoibana Apple mwaka 2013, alitaka kampuni itumie akiba yake kubwa kununua tena hisa zake yenyewe. Hakuna kisima hapo.

Wa AMCOS ndiye anayechanganya watu zaidi, maana naye ni mmiliki na naye anaikosesha bodi usingizi. Lakini kwenye ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na ekari mbili za tumbaku au arobaini. Ongeza hisa utakavyo, kura yako itabaki ileile. Kwenye kampuni kura hufuata hisa, kwa hiyo kura hununuliwa mchana kweupe na sheria haina neno. Mwekezaji mwanaharakati anaishi kwa kanuni hiyo. Ushirika uliundwa makusudi usiwe nayo.

Hata hivyo, fedha zake peke yake mara nyingi hazimfikishi mbali. Mwaka 2021 mfuko mdogo wa Engine No. 1, ukiwa na takriban asilimia 0.02 tu ya hisa za ExxonMobil, uliingiza watu watatu kwenye bodi ya kampuni hiyo ya mafuta. Uliwashawishi wenye hisa nyingi, kampuni kubwa za uwekezaji za BlackRock na Vanguard zikiwemo, kwamba bodi haikuwa imejiandaa kwa dunia kuhama kutoka mafuta kwenda nishati safi na ilikuwa ikiwapotezea fedha. Ushawishi nao hugonga mwamba: Nelson Peltz, mwekezaji mwanaharakati mwingine wa Marekani, aliomba kiti kwenye bodi ya Disney mwaka 2024, wanahisa wakamnyima.

Kwetu mtu wa namna hii ana kazi ngumu. Chukua Kampuni ya Sigara Tanzania, TCC, iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Asilimia 75 ya hisa zake iko mikononi mwa JTI, kampuni ya kimataifa ya tumbaku. Mkulima wa Urambo anaweza kununua hisa kupitia kwa dalali na kuhudhuria mkutano, lakini hata akikusanya kura zote zilizobaki, hafui dafu. Sheria ya Makampuni inawapa wenye sehemu moja ya kumi ya mtaji haki ya kudai mkutano mkuu maalumu uitishwe. Kuitisha mkutano na kushinda kura ni mambo mawili.

Mkulima huyo akiishia kuuliza maswali makali, tumwite mwanahisa machachari, inatosha. Akianza kuwapigia simu wanahisa wenzake mmoja mmoja kuomba kura za kubadilisha bodi, hapo jina litamkaa, ashinde asishinde.