Meno ya utoto yasipuuzwe

Kwenye magrupu ya kina mama, Unguja na Pemba, haukosi ujumbe wa aina hii: "Meno ya mtoto yakioza msihangaike, yatang'oka yenyewe." Si kweli, na ukikufikia tafadhali usiusambaze, maana anayeumia ni mtoto.

Kinachopoteza watu ni meno ya mbele. Hayo huanza kung'oka kwenye miaka 6 hivi, basi hudhaniwa na mengine yako njiani. Magego ya utoto hubaki hadi miaka 10 au 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 3 linaweza kumtesa muda mrefu, chakula kimshinde, usingizi umkatike, na usaha wake unaweza kuharibu jino la ukubwani linalojijenga chini. Likitolewa mapema, meno ya jirani husogea na jipya huota upogo.

Meno huozeshwa na bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi. Kila mara sukari inapoingia mdomoni, asidi huanza upya: chai asubuhi, ubuyu wa kumung'unya mchana kutwa, kisha chupa ya maziwa ya sukari anayolala nayo. Hiyo ya usiku ndiyo mbaya zaidi, kwani mate hupungua usingizini.

Hakikisha mwenyewe: mnyanyulie mwanao mdomo wa juu penye mwanga. Mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi ndio mwanzo, na hapo bado kunazuilika kwa kumpigisha mswaki mara 2 kwa siku, kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3. Ukiona doa la kahawia au tundu, mpeleke kwa daktari wa meno.